Dawa Unazomeza na Kipimo cha Mkojo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa wa Lubumbashi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa anayepeleka kichupa cha mkojo kwenye maabara ya kituo cha afya, ya hospitali ya rufaa au ya kampuni, huku akiwa anatumia dawa fulani, iwe ni dawa aliyoandikiwa na daktari, aliyonunua mwenyewe farmasia, au aliyochemshiwa na shangazi yake.

Je, ni kweli kwamba dawa ya kawaida inaweza kupotosha kipimo cha mkojo?

Ni kweli, na hutokea kwa njia mbili ambazo ni lazima zitenganishwe, kwa sababu hatua zinazofuata hazifanani. Katika njia ya kwanza, dawa au mabaki yake yanayotolewa na figo hukutana na kemikali ya kipimo chenyewe, yakaizuia kubadilika rangi au yakaibadilisha rangi bila sababu. Hapo mwili wa mgonjwa hauna kosa, kilichokosea ni kipimo. Katika njia ya pili, dawa imebadilisha kweli kile kinachotoka mwilini, kipimo kimesema ukweli mtupu, lakini anayesoma karatasi ya matokeo hajui kwamba kuna dawa nyuma yake na anataja ugonjwa ambao mgonjwa hana. Wagonjwa wengi, na hata baadhi ya wahudumu, huyaweka yote mawili katika kapu moja la "dawa imeharibu kipimo". Karibu kila jibu linalofuata hapa linategemea kujua ni njia ipi kati ya hizo mbili.

Basi niache kumeza dawa zangu siku ya kupimwa?

Hapana. Usiache kwa uamuzi wako dawa ya kifua kikuu, ya tansiyo (shinikizo la damu), ya kifafa, ya sukari wala ya virusi vya UKIMWI ili kipimo kitoke kizuri. Kipimo hurudiwa, au hubadilishwa kwa njia nyingine. Kiharusi kilichotokana na dawa ya tansiyo iliyoachwa hakirudiwi. Kinachoweza kusimamishwa kwa siku moja au mbili bila hatari ni vitamini unazojinunulia mwenyewe, na hata hapo ni vizuri kumwambia daktari.

Bandeleti inapimaje, na dawa inaingilia wapi?

Bandeleti ni kile kijiti cha plastiki chenye vipande vidogo vya rangi, ambacho laborantini hukichovya katika mkojo na kukilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kopo lake. Kila kipande kina kemikali yake: kimoja hupima sukari, kingine protini, kingine damu, ketoni (mabaki ya mafuta yanayochomwa mwilini), nitriti (inayotengenezwa na vijidudu), chembe nyeupe, bilirubini (rangi ya njano inayopita kwenye ini), na kadhalika. Katika chapa nyingi sukari husomwa baada ya sekunde 30, protini, damu na nitriti baada ya sekunde 60, na chembe nyeupe baada ya dakika 2. Bandeleti ya sukari iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza makosa mengi. Katika kipande cha sukari, kimeng'enya huchukua glukosi iliyomo mkojoni na kutengeneza peroksidi ya hidrojeni, kisha peroksidi hiyo huunguza kemikali nyingine ambayo hapo ndipo hubadilika rangi. Kipande cha damu nacho kina peroksidi ndani yake, na hemoglobini ndiyo huiamsha. Kwa hiyo kitu chochote mkojoni kinachomeza peroksidi kitaficha sukari na damu, na kitu chochote kinachofanya kazi ya peroksidi kitazizua. Aidha, mkojo ambao tayari una rangi kali utavipaka vipande vyote rangi yake, na jicho la msomaji halitakuwa na cha kulinganisha.

Nimekuwa nikinywa vitamini C kila siku kwa sababu ya mafua. Je, ina madhara kwa kipimo?

Ina madhara kuliko watu wanavyodhani, na kwa maoni yetu ndiyo dawa inayopotosha bandeleti mara nyingi zaidi kwa sababu hakuna anayeihesabu kuwa dawa. Mgonjwa akiulizwa, "Unatumia dawa gani?", atajibu, "Hakuna," hali mfukoni ana bomba la vidonge vinavyotoa povu ndani ya maji, au anatafuna vidonge vya miligramu 500 kama pipi tangu asubuhi.

Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini C. Kinachozidi hutoka kwa mkojo. Vitamini hiyo humeza ile peroksidi tuliyoitaja kabla haijageuza rangi, huzuia pia kemikali za vipande vya nitriti na bilirubini, na matokeo yake ni kwamba bandeleti inaweza kuandika "hakuna" mahali penye damu, sukari, nitriti au bilirubini. Hebu mfikirie kijana wa Ruashi ambaye ana kichocho cha kibofu, mkojo wake una damu isiyoonekana kwa macho, na asubuhi hiyo amekunywa vidonge viwili vya povu: bandeleti inasema hana damu, na anarudi nyumbani. Iwapo laborantini ataweka tone la mkojo huohuo chini ya hadubini, chembe nyekundu zitaonekana pale pale, kwa kuwa vitamini C haizifuti, inazuia tu rangi. Bandeleti na hadubini zikipingana hivyo, swali la kwanza la kuuliza ni la vitamini C.

Baadhi ya watengenezaji huweka ayodeti katika vipande vyao ili kuiharibu vitamini hiyo kabla haijaingilia. Chapa nyingine hazina kinga hiyo. Maelezo hayo yamo katika karatasi iliyo ndani ya kikasha, ile ambayo kwa bahati mbaya hutupwa siku kopo linapofunguliwa. Kwa upande wa mgonjwa, dawa ni rahisi: kaa angalau saa 24 bila vidonge vya vitamini C, kisha urudie kipimo. Machungwa na mapera ya kawaida hayana uzito kama wa vidonge, ingawa glasi kadhaa za juisi kwa mfululizo si kitu cha kupuuza.

Niko kwenye dawa ya kifua kikuu na mkojo wangu ni wa rangi ya chungwa. Je, nina damu?

Kwa kawaida hapana; hiyo ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo na mojawapo ya mbili zinazoendelea kwa miezi minne inayofuata. Hupaka rangi mkojo, jasho, machozi na mate, na wauguzi wa kifua kikuu huitumia rangi hiyo kama dalili kwamba mgonjwa anameza vidonge vyake.

Tatizo liko mezani kwa laborantini. Akiinua bandeleti kutoka katika mkojo huo, vipande vyote vimekwisha kunywa rangi ya chungwa: kipande cha bilirubini, ambacho huwa cheupe kinachoelekea njano, kinaonekana kama kimekubali, kile cha chembe nyeupe hakieleweki, na kile cha protini, ambacho kinapaswa kutoka njano kwenda kijani, kimekaa katikati ya rangi ambayo haimo kwenye kopo. Laborantini mwangalifu haandiki namba hapo. Anaandika kwamba rangi ya mkojo haikuruhusu kusoma bandeleti, anapeleka mkojo kwenye hadubini, na protini anaitafuta kwa njia nyingine. Karatasi yenye maneno hayo isikukasirishe. Ni ya uaminifu zaidi kuliko karatasi yenye alama za kujumlisha zilizobahatishwa.

Kuna jambo moja la kuangalia. Dawa za kifua kikuu zinaweza kuumiza ini, na ini likiumia mkojo huwa wa kahawia iliyokolea, macho yanageuka njano, chakula hakipiti na kichefuchefu hakiishi. Rangi ya chungwa ya kila siku ni ya dawa. Kahawia inayokuja na macho ya njano ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, na kipimo chake ni cha damu.

Ni dawa gani nyingine zinazobadilisha rangi ya mkojo?

Metronidazoli, ambayo wengi wanaimeza kwa ajili ya amiba, inaweza kuufanya mkojo uwe wa kahawia iliyoelekea nyekundu. Nitrofurantoini huleta kahawia pia. Vitamini B2, iliyomo katika vidonge vingi vya vitamini mchanganyiko, huleta njano kali inayong'aa. Sena ya kulainisha choo inaweza kuleta wekundu au kahawia, amitriptilini na bluu ya methileni huleta kijani au bluu, na fenazopiridini, dawa ya kutuliza maumivu ya njia ya mkojo, huleta chungwa kali ambayo hudanganya bandeleti hata katika kipande cha nitriti. Rangi hizi zenyewe hazina hatari. Ubaya wake ni kuficha usomaji.

Mkojo mweusi kama Coca, hata hivyo, ni jambo jingine kabisa. Baada ya kwinini kwa ajili ya palu (malaria), au primakwini kwa mtu ambaye damu yake ina upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, chembe nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi na hemoglobini ikamwagika kwenye mkojo. Bandeleti itaonyesha damu nyingi huku hadubini ikionyesha chembe nyekundu chache au isionyeshe hata moja. Hapo kipimo hakikosei. Dawa imefanya jambo la kweli mwilini, na mgonjwa, hasa mtoto, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja kesho.

Nilianza antibiotiki kabla ya kupeleka mkojo wa ECBU (kipimo cha kuotesha vijidudu vya mkojo). Je, matokeo yana thamani?

Thamani yake hupungua sana, na hapa ndipo tungependa kusema kwa urefu, kwa sababu mazoea ya mji wetu yanachangia. Mtu anaanza kuungua wakati wa kukojoa siku ya Ijumaa, anapita farmasia ya avenyu yao, anauziwa siprofloksasini au kotrimoksazoli vidonge sita bila ordonansi, anameza kwa siku mbili, maumivu yanapungua kisha yanarudi, ndipo Jumatatu anakwenda hospitali na daktari anaomba ECBU. Antibiotiki hutoka kwa wingi kupitia mkojo. Zinapofika katika sahani ya kuoteshea vijidudu, zinaendelea kuvizuia kuota, na baada ya saa 24 hadi 48 maabara inaandika kwamba hakuna kilichoota. Mgonjwa anasoma kwamba hana ugonjwa. Ukweli ni kwamba kijidudu kimezimia tu, na huenda kilichobaki ni kile kinachostahimili dawa hiyo, ambacho ndicho hasa tulitaka kukijua jina lake.

Kwa kawaida maabara huhesabu kwamba kuna maambukizi pale wanapopatikana vijidudu 100 000 au zaidi katika mililita moja ya mkojo uliokusanywa vizuri. Dozi moja au mbili za antibiotiki zinatosha kushusha hesabu hiyo chini ya kizingiti. Chembe nyeupe chini ya hadubini hazipotei haraka hivyo. Kwa hiyo karatasi inayosema "chembe nyeupe nyingi, hakuna kilichoota" humfanya msomaji mzoefu aulize kuhusu antibiotiki kabla ya kufikiria mambo mengine, likiwemo kifua kikuu cha figo.

Bandeleti nayo haisalimiki. Sefaleksini, jentamisini na tetrasiklini zikiwa nyingi mkojoni zinaweza kupunguza rangi ya kipande cha chembe nyeupe, ilhali asidi ya klavulani, inayoambatana na amoksisilini katika vidonge vingi, inaweza kuizua. Kipande cha nitriti kinahitaji vijidudu hai vilivyokaa na mkojo kibofuni kwa muda wa saa nne hivi. Antibiotiki ikivipunguza, nitriti haitengenezwi.

La kufanya ni kutoa mkojo kabla ya kidonge cha kwanza. Hata kama daktari ameamua uanze dawa leo, mwombe kichupa kwanza, ukusanye mkojo wa katikati baada ya kujisafisha, kisha ndipo umeze. Kama umekwisha kuanza, taja jina la dawa, dozi yake na saa ya kidonge cha mwisho, nayo yaandikwe kwenye karatasi ya maombi. Mkojo ufike maabara ndani ya saa 2, au ukae kwenye friji ya nyuzi 4 hivi. Joto la mwezi wa kumi na umeme unaokatika mchana kutwa hufanya vijidudu vya ngozi viote ndani ya kichupa, na hilo ni kosa jingine lisilohusiana na dawa.

Nina mimba, nameza dawa ya tansiyo, na nimeambiwa nina protini. Je, ni dawa?

Methildopa, ambayo wamama wengi wenye tansiyo ya mimba hupewa, haizui protini katika bandeleti. Inaweza kuvuruga vipimo vingine, kama urobilinojeni katika baadhi ya chapa, au vipimo vya homoni za tezi za adrenali, ambavyo ni nadra kuombwa hapa kwetu. Kwa hiyo, mama, usiitupe karatasi hiyo ukisema ni vidonge. Protini pamoja na tansiyo iliyopanda baada ya wiki 20 za mimba ni dalili ya preeklampsia hadi ithibitike vinginevyo, na kuumwa kichwa, kuona nyota au maumivu juu ya tumbo yakiongezeka, hospitali ni leo.

Kinachozua protini bila sababu ni mkojo wenye alkali nyingi, kwa mfano kwa mtu anayekunywa bikabonati ya sodiamu kwa ajili ya kiungulia, jambo ambalo wajawazito hulifanya sana bila kulitaja. Kipande cha protini kimetengenezwa kwa rangi inayobadilika kwa asidi na alkali, na pH ikizidi 8 hugeuka kijani hata kama protini haimo. Dawa za kusafishia zinazoingia kwenye kichupa, kama klorheksidini, hufanya vivyo hivyo. Njia ya asidi ya sulfosalisili, inayotumika pale ambapo bandeleti imekwisha au haisomeki, ina udhaifu wake: penisilini au sefalosporini kwa wingi, na dawa za kupigia picha za eksirei, zinaweza kuufanya mkojo uwe na ukungu kana kwamba kuna protini.

Je, kichupa kilichooshwa kwa javeli kina shida?

Kina shida kubwa. Javeli huunguza kemikali za bandeleti kama peroksidi na kuzua damu na sukari ambazo hazimo. Betadini ikibaki kwenye ngozi inaweza kuzua damu pia. Tumia kichupa kipya cha maabara. Chupa ya sirupu iliyosuuzwa nyumbani haifai hata ikionekana safi.

Bandeleti inaonyesha sukari, lakini sukari ya damu ni ya kawaida. Inawezekanaje?

Mara nyingi ni ile njia ya pili tuliyoieleza mwanzoni. Dawa mpya za sukari ambazo majina yake huishia na "-gliflozini", kama dapagliflozini na empagliflozini, hufanya kazi kwa kuziamuru figo zitupe glukosi mkojoni. Anayezimeza ataonyesha sukari nyingi kwenye bandeleti kila siku, hata damu yake ikiwa nzuri kabisa, na asiongezewe dozi kwa kuangalia mkojo.

Tenofoviri, iliyomo katika vidonge vingi vya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, inastahili uangalifu wa namna nyingine. Kwa watu wachache huumiza mirija ya figo, na sukari na protini huvuja mkojoni huku sukari ya damu ikiwa ya kawaida. Msomaji akisema tu kwamba ni dawa inapotosha, atapitwa na onyo la mapema. Daktari anapaswa kupima kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, na kuangalia figo.

Palipo na mchemsho wa Benedict badala ya bandeleti, mambo hugeuka kichwa chini. Kitendanishi hicho cha shaba hubadilika rangi kwa kitu chochote kinachokipokonya oksijeni, kwa hiyo vitamini C, ambayo huficha sukari kwenye bandeleti, inaweza kuizua katika Benedict, na baadhi ya sefalosporini hufanya hivyo pia. Mgonjwa mmoja anaweza kupata majibu mawili yanayopingana katika vituo viwili bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Kuhusu ketoni, kaptoprili ya tansiyo na asetilsisteini ya kikohozi zina salfa ya aina inayoweza kukigeuza kipande hicho kuwa zambarau. Mgonjwa wa sukari anayezitumia asiangaliwe kwa bandeleti peke yake.

Vidonge vya uzazi wa mpango au antibiotiki vinaharibu kipimo cha mimba?

Haviharibu. Kipimo cha mimba hutafuta homoni ya hCG, na dawa inayoweza kukidanganya moja kwa moja ni sindano ya hCG yenyewe, wanayopewa baadhi ya wanawake wanaotibiwa ugumba. Mabaki yake yanaweza kukaa siku 10 hadi 14. Dawa za kukojoza huupunguza uzito wa mkojo, hivyo tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Kampuni ya madini inataka kunipima dawa za kulevya kabla ya kuniajiri. Ninameza dawa za kawaida. Je, naweza kuonekana mvutaji?

Swali hili huletwa sana na madereva wa malori makubwa na vijana wanaoomba kazi kuelekea Fungurume na Kolwezi, na hofu yao ina msingi. Kipimo cha haraka, kile cha kadi au kikombe chenye mistari, hutumia kingamwili zinazotambua umbo la kemikali, na kemikali mbili zenye maumbo yanayokaribiana zinaweza kuchanganywa. Ndiyo maana kinaitwa kipimo cha uchujaji. Jibu la kukubali halipaswi kuwa hukumu kabla ya kuthibitishwa kwa mashine ya kromatografia iliyounganishwa na spektrometria ya masi, ambayo hutambua kemikali yenyewe kwa jina lake.

Dawa za mafua zenye pseudoefedrini au efedrini zinaweza kuonekana kama amfetamini. Prometazini, klorpromazini na labetaloli vilevile. Ofloksasini na levofloksasini, pamoja na rifampisini, zimeripotiwa kuonekana kama afyuni katika baadhi ya chapa. Pantoprazoli ya tumbo, na katika ripoti chache ibuprofeni, zimewahi kuonekana kama bangi. Sertralini inaweza kuonekana kama dawa za jamii ya diazepamu. Kipimo cha kokeini ni kigumu zaidi kudanganyika, kwa hiyo anayekubali kokeini asitegemee sana kisingizio cha vidonge vya mafua.

Kodeini ina hesabu yake. Sirupu ya kikohozi au vidonge vya paracetamol vyenye kodeini vitaleta afyuni, na hilo si kosa la kipimo: kodeini ni ya jamii hiyo, na mwili hugeuza sehemu yake kuwa mofini. Vikasha vinavyopita mpakani Kasumbalesa vikiwa vimeandikwa kwa Kiingereza peke yake huwapita watu wengi hapo. Soma orodha ya viambato kabla ya kumeza, au mwonyeshe mtu wa farmasia. Tramadoli, kinyume chake, mara nyingi haionekani kabisa katika kipimo cha kawaida cha afyuni, bali huhitaji mstari wake wenyewe.

Kwa anayetumia efavirenzi, dawa hiyo inajulikana kuzua jibu la bangi katika baadhi ya chapa, jambo ambalo limo hata katika maelezo rasmi ya dawa. Wengi wamehamia dolutegraviri tangu Shirika la Afya Duniani liipendekeze kuwa chaguo la kwanza mwaka 2019, lakini si wote. Huna wajibu wa kuitaja hali yako mbele ya mtu wa rasilimali watu. Omba kuzungumza faraghani na daktari wa kazi, ambaye anafungwa na siri ya taaluma yake, umwachie yeye aombe kipimo cha uthibitisho. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi.

Kwa mtu yeyote, orodha ya dawa hutolewa kabla ya kukojoa, pamoja na ordonansi. Maelezo yanayotolewa baada ya jibu baya husikika kama utetezi hata yakiwa ya kweli.

Nikinywa maji mengi, si yatasafisha yote?

Yatauzimua mkojo, na mkojo uliozimuliwa hugunduliwa: maabara hupima kreatinini na uzito wa mkojo huo, na katika kanuni nyingi kreatinini iliyo chini ya miligramu 20 kwa desilita hufanya sampuli itiliwe shaka na kipimo kirudiwe. Kwa upande wa magonjwa ni hasara tupu, maana protini na damu kidogo zitapotea ndani ya maji hayo.

Nimemeza prazikwanteli ya kichocho, lakini mayai bado yanaonekana. Je, dawa imeshindwa?

Si lazima. Mayai yaliyokwisha kunasa katika ukuta wa kibofu huendelea kutoka kwa wiki kadhaa baada ya minyoo kufa, na laborantini mzoefu huangalia kama mayai hayo ni hai au ni maganda meusi yaliyokufa. Kwa kipimo cha marudio, toa mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na utoe ule wa mwisho wa kukojoa.

Na dawa za miti?

Zitaje kama nyingine zote. Mizizi na magome mengi yana rangi inayopita hadi mkojoni, na baadhi ya mitishamba huumiza figo au ini kweli, hivyo protini inayoonekana baada yake isidhaniwe kuwa ni kosa la bandeleti. Laborantini hayupo pale kukugombeza. Jina la mti kwa Kiluba, Kibemba au Kisanga linatosha kuandikwa. Kinachohitajika zaidi ni siku uliyoanza na kiasi ulichokunywa.

Kipimo kirudiwe baada ya muda gani?

Vitamini C, saa 24 au zaidi. Fenazopiridini, siku mbili hadi tatu baada ya kidonge cha mwisho, rangi ikiisha. ECBU ya kuangalia kama umepona, siku kadhaa baada ya kumaliza antibiotiki, kwa tarehe atakayoipanga daktari. Ikifanywa ukiwa bado unameza, haitaonyesha kitu. Kwa rifampisini hakuna kungoja miezi sita: daktari aombe hadubini, au protini na kreatinini zipimwe kwa njia isiyotegemea jicho. Kotrimoksazoli ina jambo lake, kwa kuwa trimetoprimu iliyomo ndani yake huzuia figo kutoa kreatinini na kuipandisha katika damu bila figo kuumia. Hesabu ya kazi ya figo iliyofanywa katikati ya dawa hiyo irudiwe baada ya dozi kuisha, na karatasi zote mbili zihifadhiwe pamoja ili daktari azilinganishe.